Shati la raglani la kuvutika: kazi yote iko kwapani

Kijana mmoja anayevuta mkokoteni pale Marikiti, hapa Mombasa, alinijia na fulana tatu mfukoni. Zote zilikuwa zimeachia mahali pamoja, chini ya kwapa la kulia.

"Shikamoo mama. Hizi nguo zanichosha. Kila wiki ni sindano."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nyanyua mikono kama unayevuta mzigo."

Akanyanyua. Fulana aliyoivaa ikapanda hadi kitovuni, na mshono wa kwapa ukakazana kama kamba ya jahazi. Hapo nikajua kwamba uzi hauna kosa. Fulana za dukani hukatwa kwa kufuata kifua peke yake. Kifua cha kijana huyu ni sentimita 100, cha kawaida kabisa, lakini mkono wake juu una mzingo wa sentimita 37, na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Ukimpa fulana kubwa zaidi, tumbo litapwaya na kwapa litabaki vilevile.

Nilimshonea shati la raglani kwa kitambaa cha kuvutika. Hapa nakuonyesha hatua nilizopitia, kwa vipimo vyake, ili uone hesabu inavyokwenda. Wewe weka vipimo vya mtu wako.

Raglani ni nini

Katika shati la kawaida mkono huishia begani. Katika raglani mkono hupanda mpaka shingoni, na mshono hutoka kwapani ukapita mshazari kifuani hadi kwenye shingo. Jina limetoka kwa Lord Raglan, jemadari wa Uingereza aliyekatwa mkono wa kulia baada ya kujeruhiwa kwenye vita vya Waterloo mwaka 1815, na ambaye baadaye aliongoza jeshi la nchi yake katika vita vya Crimea hadi alipofariki mwaka 1855. Husemwa kwamba koti la mkono wa namna hii lilimfaa kuvaa na kuvua.

Mafundi wetu wa kanzu walilikabili tatizo lilelile kwa njia yao. Kanzu ina badani ya mbele na ya nyuma, ina taharizi za ubavuni, na pale mkono unapokutana na ubavu hutiwa kikwapa, kile kipande kidogo kinachoupa mkono nafasi ya kunyanyuka. Aliyewahi kushona kikwapa ameshaelewa nusu ya raglani: nguo hukubali au hukataa mwili pale chini ya mkono. Nami nitayatumia maneno hayohayo ya kanzu, badani kwa kipande cha mbele na cha nyuma, kwa sababu ni yetu na yanatosha.

Kitambaa kwanza, mwili baadaye

Kabla hujapima mtu, pima kitambaa. Kikunje mara moja, shika kipande cha sentimita 10 kwa vidole vya mikono miwili, kiweke juu ya rula, kisha kivute kuelekea upana mpaka kikatae. Kikifika 13, kinavutika kwa asilimia 30. Kikifika 15, ni asilimia 50. Kwa shati hili nataka kati ya 30 na 50. Kisha kiachie, ukitazame kinavyorudi. Kikirudi kwenye 10 palepale, ni kitambaa cha kazi. Kikibaki kwenye 11, kiache dukani, hata kama rangi imekupendeza, maana viwiko na makwapa vitalegea baada ya kuvaliwa mara chache.

Kwa joto letu mimi hupendelea jezi, kile kitambaa cha fulana, ya pamba iliyochanganywa na spandeksi kidogo, uzi unaovutika kama mpira, ile ya asilimia 95 kwa 5. Poliesta tupu haikunjiki wala haipauki haraka, lakini wakati wa kaskazi jasho hubaki mwilini na nguo hushika harufu. Mtaa wa Biashara una maduka ya vitambaa, na unaweza kuingia na rula yako ukajaribu kimoja baada ya kingine. Muuzaji anayejua kazi hatakuzuia. Kama pesa ni kidogo, nenda Kongowea kwenye mitumba utafute fulana mbili kubwa za wanaume zilizo nzima mgongoni na tumboni. Kitambaa chake kimeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo kilichokuwa kiruke, yaani kipungue kwa kufuliwa, kimesharuka.

Na hilo la kuruka nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilinunua jezi ya buluu iliyokolea, nikaikata siku ileile kwa sababu mteja alikuwa na safari. Shati lilimkaa vizuri sana. Baada ya kufuliwa mara mbili lilirudi kwangu likiwa limepungua urefu sentimita 4, na mikono imepanda. Nilimshonea jingine kwa gharama yangu. Tangu hapo kitambaa chochote cha pamba nakiloweka, nakifua kwa sabuni ileile mteja atakayoitumia, nakianika kivulini kikiwa kimelazwa, kisha nakipiga pasi bila kukivuta. Hata mteja akiwa na haraka kiasi gani, atasubiri kikauke.

Kwa mtu mzima wa kifua cha 100, kitambaa cha upana wa sentimita 150, nunua mita moja na nusu. Hapo umeshahesabu kuruka na utepe wa shingo.

Cherehani na sindano

Sindano ya kawaida ina ncha kali. Ikiingia kwenye jezi hukata uzi wa kitambaa, na baada ya kufua unaona vitundu vidogo vimejipanga kando ya mshono. Taka sindano yenye ncha ya mviringo, namba 75 au 80. Kitambaa kikiwa na spandeksi nyingi, iko sindano maalumu ya vitambaa vya kuvutika, na ndiyo itakayozuia cherehani kuruka mishono.

Kwetu Pwani kuna jambo ambalo mafundi wa bara hawalioni: hewa ya chumvi. Pini na sindano hushika kutu hata zikiwa ndani ya kopo, na sindano yenye kutu, hata kidogo tu, huchana jezi. Mimi nazichoma kwenye kipande cha sufi kilichopakwa mafuta ya cherehani kidogo sana, na kabla ya kushona naipitisha sindano kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha doa au ikikwama, naitupa.

Uzi uwe wa poliesta; uzi wa pamba hukatika mshono ukivutwa. Kama una cherehani yenye zigizagi, weka upana wa milimita 0.5 hadi 1 na urefu wa milimita 2.5. Mshono huo utaonekana kama umenyooka, lakini utavutika. Kama una cherehani ya mguu isiyo na zigizagi, usikate tamaa. Weka mshono mfupi wa urefu wa 2, kivute kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano unaposhona, kisha rudia mshono mara ya pili milimita mbili kando ya ule wa kwanza. Baadaye mpelekee fundi wa oveloki akumalizie kingo. Mimi nilianza hivyo kwa miaka, na mashati yale hayakuachia.

Jaribu kila kitu kwenye kipande cha ziada. Shona sentimita 20, vuta kwa nguvu. Uzi ukikatika, legeza kidogo ule wa juu au punguza urefu wa mshono. Kitambaa kikitoka na mawimbi, punguza ule mgandamizo wa kiguu cha cherehani.

Kumpima

Mtu avae fulana nyembamba, asimame kama anavyosimama siku zote. Ukimwambia ajinyooshe utapima mwili ambao hauendi kazini. Haya ndiyo niliyoandika kwa kijana wangu, kwa sentimita:

Kifua, pale palipo panene: 100.
Shingo, chini kwenye mzizi wake: 39.
Bega hadi bega, kwa nyuma: 45.
Mzingo wa mkono juu, msuli ukiwa umekazwa: 37.
Kina cha kwapa: 24. Mpe rula aibane kwapani ikiwa imelala sawa, kisha pima kwa nyuma kutoka pale shingo inapokutana na bega, wima, hadi usawa wa rula.
Urefu wa shati, kutoka shingo na bega hadi atakapo liishie: 70.
Urefu wa mkono kutoka ncha ya bega: 34, maana aliutaka ufike kiwikoni umkinge na jua.

Kisha mabega. Mtu akisimama ukutani bila viatu, pima kutoka sakafuni hadi ncha ya kila bega. La kushoto lilikuwa 144, la kulia 142.5. Tofauti ya sentimita moja na nusu. Wanaobeba mizigo, wanaoning'iniza begi zito upande mmoja, hata mama anayembeba mtoto upande uleule miaka nenda miaka rudi, wengi wana tofauti hiyo, na hakuna anayewapima. Pima.

Sasa uamue shati likae vipi. Kitambaa cha kuvutika kinaweza kushonwa hata kidogo kuliko mwili, na nguo za kuogelea hushonwa hivyo. Kwa mchana wa Mombasa mimi sipendi. Nguo iliyoganda mwilini haipitishi upepo. Kwa mwanamume anayefanya kazi naongeza sentimita 4 kwenye kifua. Kwa dada anayetaka shati la kuvaa ndani ya buibui, siongezi kitu: nakata sawa na mwili, kitambaa chepesi, mikono mirefu iliyobana kifundoni, na raglani humfaa kwa sababu hakuna mshono mnene juu ya bega wa kumkwaruza.

Kuchora patani

Patani ni vipande vya nguo vilivyochorwa kwenye karatasi. Tumia karatasi ya kaki, ile ya kufunikia vitabu vya shule. Kwa mwili wenye mabega sawa unachora nusu ya badani na kuikata kwenye kunjo la kitambaa. Kwa kijana wangu nilichora badani nzima, kulia na kushoto, kwa sababu pande mbili hazifanani. Nianze na upande wa kushoto, ulio wa kawaida.

Chora mstari wa kati, wima, sentimita 70. Kifua 100, ongeza 4, gawa kwa 4: 26. Huo ndio upana wa nusu badani. Kutoka juu shuka 26 pia, yaani kina cha kwapa 24 pamoja na nafasi ya 2, uweke alama ya kwapa kwenye ukingo. Sadfa tu kwamba namba zimelingana.

Shingo: gawa 39 kwa 5, unapata 7.8, nami naongeza 0.7 ili utepe wa shingo upate mahali pa kukaa. Upana wa nusu shingo basi ni 8.5. Kina cha mbele 10, cha nyuma 2.5. Chora kwa mviringo mzuri, uanze ukiwa umelala sawa kwenye mstari wa kati, usitoe pembe.

Bega: kutoka mstari wa kati nenda 22.5, shuka 4.5, hiyo ndiyo ncha ya bega. Iunganishe na shingo. Kutoka ncha hiyo chora mkato wa kwapa, ushuke karibu wima, ujikunje kidogo kuelekea ndani, kisha utoke hadi alama ya kwapa. Upime mkato huo kwa tepu ikiwa imesimama kwa ukingo wake, siyo imelala. Wangu ulitoka 24.

Hadi hapa umechora fulana ya kawaida. Sasa raglani. Kwenye shingo ya mbele, kutoka pale inapokutana na bega, shuka sentimita 3.5 ukifuata mviringo. Kwa nyuma shuka 2.5. Kwenye mkato wa kwapa, kutoka chini panda 8. Unganisha alama ya shingo na alama hiyo ya 8. Mstari usiwe mnyoofu kama waya: katikati yake upandishe kidogo, kama milimita 7, kuelekea begani, kwa sababu kifua na mgongo vimeviringa. Kuanzia alama ya 8 kwenda chini mstari wa raglani unafuata mkato wa kwapa uleule.

Kipande kilicho juu ya mstari, chenye bega, ndicho utakachokihamishia mkononi.

Upande wa kulia wa kijana wangu nilishusha ncha ya bega kwa 1.5, mbele na nyuma. Tena nikashusha na kwapa kwa 1.5 upande huohuo. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Ukishusha bega ukaacha kwapa juu, umempunguzia nafasi palepale nguo zake zinapopasukia. Ukishusha vyote viwili, mkato wa kwapa unabaki na urefu wa 24 na mkono uleule unaingia.

Mkono na vipande vya bega

Mzingo wa mkono 37, ongeza 4: 41. Chora mstari wa kulala wa sentimita 41 na wa wima unaoukata katikati. Weka mwanzo wa tepu kwenye ncha moja ya mstari wa kulala, na upeleke alama ya 23.5 mpaka iguse mstari wa wima. Hiyo 23.5 ni mkato wa kwapa ukipunguza nusu sentimita, kwa sababu mstari utakaochora una mviringo na utarefuka. Kwangu uligusa kwenye kimo cha 11.5. Hicho ndicho kimo cha kichwa cha mkono, ile sehemu ya juu iliyoviringa kama kilima. Kichwa kikiwa kirefu sana, mkono hukaa vizuri ukiwa umening'inia lakini haunyanyuki. Kikiwa kifupi, unanyanyuka huku ukiacha mikunjo kidogo kwapani ukiushusha. Kwa anayevuta mkokoteni sikusita: nafasi kwanza.

Kutoka kileleni shuka 34 kwa urefu, ongeza 2.5 za pindo.

Sasa kata vipande vya bega kwenye patani ya mbele na ya nyuma. Kwenye kichwa cha mkono tia alama sentimita 8 kutoka kila ncha ya chini. Chukua kipande cha mbele, ncha ya bega iguse kilele, na ukingo wake wa kwapa uegemee kichwa cha mkono hadi kwenye ile alama ya 8. Bandika kwa selotepu. Fanya hivyo kwa kipande cha nyuma upande wa pili. Havitakaa sawasawa kabisa. Pengo la milimita chache ni kawaida, lipitie kwa penseli ukilainisha mstari. Lakini simama utazame: kati ya vipande viwili, kuelekea shingoni, pamebaki uwazi wa umbo la V. Uwazi huo ni dati, utashonwa ufungike, na ndio unaolifanya shati lijue kwamba mtu ana mabega. Raglani nyingi za bei rahisi hazina dati, mkono umekatwa bapa, ndiyo maana kitambaa hujaa juu ya bega.

Ncha ya dati isiishie ghafla kwenye kilele. Iteremshe sentimita 2 zaidi kwa mkunjo laini, la sivyo itatoa kichuguu begani.

Mkono wa kulia na wa kushoto wa kijana huyu ni patani mbili tofauti, kwa sababu vipande vya bega si sawa. Niliviandika KULIA na KUSHOTO kwa kalamu nyekundu, na mshale wa kuonyesha mbele.

Mwisho pima mshono wa raglani kwenye badani na ule wa kwenye mkono. Vitofautiane kwa nusu sentimita tu, visizidi. Vikizidi, rudi ukaangalie kama vipande vya bega vilisogea ulipobandika. Ongeza sentimita 1 ya mshono pande zote isipokuwa shingoni, ambapo 0.75 inatosha, na 2.5 chini ya shati.

Kukata na kushona

Laza kitambaa mezani chote, kisining'inie kandokando, maana uzito wake utakivuta. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Shikiza patani kwa mawe madogo au vikombe badala ya pini nyingi, chora kwa kipembe cha sabuni, na ukate kwa mkasi mkubwa bila kuunyanyua kutoka mezani. Kingo za jezi zitajikunja mara tu ukikata; zitulize kwa pasi ya uvuguvugu.

Anza na dati za mikono, kutoka shingoni kwenda chini. Usirudishe cherehani nyuma kwenye ncha. Acha uzi mrefu ufunge fundo kwa mkono. Pindua dati kuelekea nyuma, piga pasi.

Kisha mishono minne ya raglani. Unganisha badani na mkono, nje kwa nje, ushikize kwanza shingoni, kisha kwapani, kisha katikati. Hapa mimi hupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa mkono mishono yote minne na kumvalisha mteja kabla cherehani haijagusa. Bandi huchukua robo saa na hufumuka kwa dakika moja. Shati likiwa na bandi, bana mbavu kwa pini na umwambie anyanyue mikono, ajikumbatie, ainame.

Ukiona mikunjo inayotoka kwapani kuelekea shingoni, mshono wa raglani umekuwa mfupi kwake. Fumua, toa nusu sentimita kwenye akiba ya mshono karibu na shingo. Mikunjo iliyolala mlalo juu ya kifua yasema kifua kimebanwa, toa ubavuni. Kwa wanawake wenye kifua kikubwa hii hutokea mbele tu, na dawa yake ni kuipanua badani ya mbele kwa sentimita 1 au 2, ya nyuma uiache. Kitambaa kikijaa juu ya bega, dati inataka kuongezwa. Kwa kijana wangu bega la kulia lilikaa mara ya kwanza. La kushoto lilijaa kidogo karibu na shingo, nikaingiza dati milimita 4, likatulia.

Shona sasa. Mshono wa raglani umekatwa mshazari na hupenda kurefuka, basi usiuvute zaidi ya kinavyohitaji kitambaa. Pindulia akiba upande wa mkono.

Shingo nayo hutaka utulivu wako wote. Pima mzunguko wake wote baada ya kushona raglani. Wangu ulikuwa 48. Utepe wa ribu, kile kitambaa chenye mifereji kinachovutika sana, uwe asilimia 85 ya hapo: kama 41, ongeza 1.5 za mshono, upana sentimita 5. Ukitumia kitambaa kilekile cha shati badala ya ribu, na hakivutiki sana, panda hadi asilimia 90. Ushone utepe uwe duara, ukunje upana wake mara mbili, piga pasi. Gawa duara kwa alama nne, gawa na shingo kwa alama nne, na usizifuate dati wala mishono, pima kweli. Kwenye raglani alama za ubavuni za shingo haziangukii mahali ulipozoea. Kutanisha alama, mshono wa utepe ukae nyuma kushoto, shona ukivuta utepe peke yake huku shingo ikilala bila kuvutwa. Ukivuta vyote viwili utapata shingo yenye mawimbi, na hakuna pasi itakayoilaza. Ikitokea, fumua yote. Usijaribu kurekebisha kipande.

Mbavu na mikono hushonwa kwa mshono mmoja mrefu, kutoka chini ya shati hadi kwapani, na kutoka kwapani hadi mwisho wa mkono. Kwapani mishono ya raglani ikutane, mmoja akiba yake ipinduliwe huku, mwingine kule, pasiwe na uvimbe. Sehemu ile, sentimita 6 kila upande wa makutano, mimi hurudia mshono mara ya pili hata kama nina oveloki.

Pindo mbili zilizobaki, chini na mikononi, nazishona kwa sindano pacha, ambayo huacha mistari miwili nje na zigizagi ndani, kwa hiyo huvutika. Usiyekuwa nayo tumia zigizagi pana kidogo. Piga pasi kabla na baada.

Kijana alipokuja kulichukua nilimwambia avute meza yangu ya kukatia kama mkokoteni. Akaivuta hadi mlangoni. Shati lilipanda kama vidole viwili, likarudi lenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama naweza kumshonea la pili la rangi nyeusi, na la mzee wake pia.

Patani yake imetundikwa ukutani kwangu kwa msumari. Juu ya karatasi nimeandika tarehe, vipimo vyote, na kwamba kitambaa kile kilivutika kwa asilimia 40. Hilo la mwisho ni la lazima. Nikipata jezi inayovutika kwa asilimia 25, patani ileile itambana, na itanibidi niongeze sentimita 2 kwenye kifua na 1.5 kwenye mkono kabla sijagusa mkasi. La mzee wake nitalianza upya, kwa kumsimamisha ukutani bila viatu.